Kichwa gani cha kamera kinafaa kwa monopodi yenye lenzi ya 70-200?

Kamera_Ipagala:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Kazi zangu nyingi ni za hapa Dodoma: mahafali ya vyuo, makongamano, ngoma za asili, na mara chache mechi katika Uwanja wa Jamhuri. Ninatumia lenzi ya milimita 70-200 yenye f/2.8, ambayo ikiwa pamoja na kamera inafikia kilo mbili na nusu hivi, na kuibeba mikononi tangu maandamano ya wahitimu yanapoingia hadi mgeni rasmi anapoondoka ni adhabu ya mabega. Tripodi haifai, kwa kuwa njia kati ya viti ni nyembamba na wazazi hupita kwa haraka wakiwahi kumpiga mtoto wao picha kwa simu. Mguu mmoja wa tripodi ukikwaa gauni la mtu, shughuli nzima inakugeukia wewe.

Nimenunua monopodi, yaani fimbo ya mguu mmoja ya kusimamishia kamera, lakini imekuja bila kichwa, kile kiungo cha juu kinachoshika kamera na kuielekeza. Juu kuna skrubu tu. Nikiifunga moja kwa moja kwenye mguu mdogo wa pete ya lenzi (ile inayoizunguka lenzi na kubeba uzito wake) inakaa imara, ila nikitaka kuelekeza lenzi juu jukwaani inanibidi niilaze monopodi yote nyuma, na kitako chake huteleza kwenye vigae. Je, nihamishie kile kichwa cha tufe (kinachozunguka pande zote kama mpira ndani ya kikombe) kilicho kwenye tripodi yangu, ninunue kichwa cha kuinamisha tu, au nijikaze ninunue kichwa cha video, kwa sababu wakati mwingine huombwa pia kurekodi hotuba?

Mzee_wa_Makole:
Tumia hicho cha tufe ulicho nacho. Kinafanya kila kitu na hakikugharimu hata senti moja zaidi. Hizi nyingine ni mbwembwe za wauzaji.

Lenzi_Ndefu:
Kwa heshima zote, Mzee, hapo tutatofautiana. Kwenye tripodi kichwa cha tufe ni chombo kizuri kwa sababu miguu mitatu imekwisha kusimama yenyewe, na kazi ya tufe ni kukupa uhuru wa kwenda pande zote kabla hujakaza. Monopodi ina tabia nyingine kabisa. Kamera inahitaji miondoko mitatu: kugeuka kushoto na kulia, kulala ubavuni, na kuinama au kuinuka. Ule wa kwanza unaupata kwa kuizungusha monopodi yenyewe kwa mkono. Ule wa pili unaupata kwa kuisogeza kidogo ubavuni, na ukitaka picha ya wima unalegeza pete ya lenzi na kuizungusha kamera ndani yake. Unabaki mmoja tu ambao monopodi haiwezi kuufanya bila kuteleza, nao ndio huo unaokusumbua: kuinua na kuinamisha lenzi. Kwa nini basi ununue, au hata ubebe, kichwa cha miondoko mitatu?

Tena uhuru huo wa tufe una gharama yake. Ukilegeza kitasa ili uinue lenzi, kamera na lenzi nzito kama hiyo huanguka ubavuni kwa ghafla, kwa kuwa hakuna kinachoizuia upande huo, na wewe mkono mmoja uko kwenye monopodi na mwingine kwenye kitufe cha kupigia. Utaishia kukaza na kulegeza kutwa nzima, huku mhitimu wako akiwa amekwisha kushuka jukwaani.

Kichwa cha kuinamisha ni kidogo, chepesi, na kina kitasa kimoja. Ukikikaza nusu, lenzi inapanda na kushuka kwa kusukumwa taratibu na inabaki pale ulipoiacha. Vipo vya bei mbalimbali: Manfrotto wana 234RC, Sirui wana L-10, na wenye fedha huenda kwa Really Right Stuff wakachukua MH-01. Usichague kwa jina tu, angalia pleti, yaani kile kibati kinachofungwa chini ya kamera au lenzi ili kishikwe na kichwa. 234RC inatumia pleti ya mtindo wa RC2 wa Manfrotto wenyewe, wakati wengi siku hizi tunatumia pleti za mtindo wa Arca-Swiss, zenye upana wa milimita 38 hivi. Ukichanganya mifumo hiyo miwili kwenye begi moja utakuwa unafungua skrubu kila unapotoka kwenye tripodi kwenda kwenye monopodi.

Sasa jambo ambalo wengi hawaambiwi dukani. Pleti iliyofungwa chini ya kamera hulala kutoka kushoto kwenda kulia, lakini pleti iliyofungwa kwenye mguu wa lenzi hulala kutoka mbele kwenda nyuma. Klampu, yaani taya ya kichwa inayoibana pleti, ikiwa imeelekezwa kwa ajili ya kamera, ukaweka lenzi yenye pete, kichwa chako kitailaza lenzi ubavuni badala ya kuiinua. Kichwa si kibovu. Klampu inatakiwa kugeuzwa nyuzi 90. Kwa hiyo kabla hujalipa, hakikisha klampu ya kichwa hicho inaweza kufunguliwa na kugeuzwa, kisha ijaribu hapohapo ukiwa na lenzi yako.

Bwawani_Hombolo:
Ninamuunga mkono Lenzi_Ndefu, ila kwa upande wa mpira nina neno. Pale Jamhuri ukiwa umekaa kwenye kigoda nyuma ya mstari, wachezaji wako karibu sawa na jicho lako, na lenzi hubaki mlalo karibu dakika zote 90. Hapo mimi huondoa kichwa kabisa na kuifunga lenzi kwenye monopodi moja kwa moja. Uzito unapungua na kuna kiungo kimoja pungufu cha kucheza. Kichwa ninakirudisha ninapofuata ndege kule bwawani, maana korongo akiruka hakungoji ulaze monopodi.

Kuna hatari moja ya kuzingatia. Skrubu ya monopodi hukaza kuelekea kulia kama skrubu nyingine. Ukimfuata mchezaji anayekimbia kutoka kulia kwako kwenda kushoto, huku raba ya kitako cha monopodi imeng'ang'ania chini, unachofanya kwa kweli ni kuifungua kamera kutoka kwenye monopodi kidogokidogo. Chagua monopodi au kichwa chenye vile viskrubu vidogo vya kubana kwa pembeni, na uzoee kuzungusha monopodi yote kwa mkono ulio chini ya kichwa, si kuvuta kamera peke yake. Mkanda wa shingoni usiuvue.

Kwa wanaoota safari ya Hifadhi ya Ruaha: acheni monopodi nyumbani. Ndani ya gari ni usumbufu; mfuko wa maharage juu ya dirisha unafanya kazi nzuri zaidi.

Kamera_Ipagala:
Ahsanteni sana. Suala la klampu sikuwahi kulisikia. Na hotuba je? Pia, nikiweka lenzi ya 24-70, ambayo haina pete, nitapataje picha ya wima?

Lenzi_Ndefu:
Hotuba ya nusu saa haitaki monopodi, hata ukiwekewa kichwa cha video cha gharama. Kichwa cha video kinalainisha mwendo, lakini hakizuii monopodi kuyumba unapopumua, na zile monopodi zenye vijiguu vitatu chini bado zinatakiwa kushikwa, ukiziachia zinaanguka. Kwa hotuba omba nafasi ya tripodi nyuma ya ukumbi, nayo hupatikana ukiongea na waandaaji mapema. Kwa vipande vifupi vya sekunde chache, kichwa cha kuinamisha kilichokazwa kinatosha, na kitulizi cha lenzi (kinachopunguza mtikisiko) ukiache kimewashwa. Ukiwa unamfuata mtu anayetembea, tumia ile hali ya pili ya kitulizi, kama lenzi yako inayo, kwa sababu hiyo haipingani na mwendo wa kwenda upande.

Mzee_wa_Makole:
Mimi bado na tufe langu, lakini hoja ya uzito nimeielewa. Kwa lenzi ndogo sijaona tatizo.

Bwawani_Hombolo:
Kwa lenzi ndogo, Mzee, uko sahihi, kwa sababu uzito haukushindi mkono.

Kuhusu picha ya wima na 24-70, ndugu yangu wa Ipagala, jibu ni pleti ya umbo la L inayopita chini ya kamera na kupanda ubavuni mwake. Ukitaka wima unaifungua kamera kwenye klampu, unaigeuza, na kuifunga kwa upande wa pili, nayo inabaki juu ya monopodi badala ya kuning'inia pembeni. Kumbuka kuigeuza klampu kwa ajili ya pleti ya kamera kwanza. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya aina ya kamera yako, kwa kuwa zile za jumla mara nyingi huziba mlango wa betri au tundu la waya wa maikrofoni, na wewe hotuba unazirekodi.