Wajaza kodi wa Maryland, kwa nini mnaruka visanduku vya bima?

Wakuu, leo naandika nikiwa nimevurugwa, mnivumilie.

Kwa mlioko nyumbani: jimbo la Maryland huku Marekani, gavana akiwa Larry Hogan, lilipitisha sheria mwaka 2019 ili watu waingie kwenye bima ya afya bila kuhangaika. Wazo safi kabisa. Kodi kila mtu anajaza, kwa hiyo kwenye fomu ile ile ya 502 wakaweka visanduku. Kimoja unatia tiki kama huna bima, unaandika na tarehe ya kuzaliwa. Kingine unaruhusu mamlaka ya kodi ya jimbo ipeleke taarifa zako Maryland Health Connection, soko la bima la jimbo. Wao wanatazama kipato chako na kukuandikia barua kwamba huenda unastahili Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, au bima ya bei nafuu. Ilipoanza msimu wa kodi wa 2020 hakuna jimbo lingine lililokuwa na kitu hicho. Colorado na wengine wameiga baadaye. Na ukikiri kwamba huna bima hupigwi faini.

Sasa njoo kwa wajazaji wetu. Wabeba boksi wengi hatujazi wenyewe. Tunampelekea W-2, karatasi ya mshahara wa mwaka, jamaa mwenye laptop nyuma ya duka la kutuma hela. Anauliza una watoto wangapi. Anauliza hela iingie akaunti gani. Bima? Thubutu!

Shemeji yangu anapiga mzigo ghalani kupitia wakala, wiki nyingine siku tatu, wiki nyingine hakuna kitu. Green card anayo muda mrefu, miaka mitano ya kusubiri kabla ya kuruhusiwa Medicaid imeshapita. Kwa kipato kile alikuwa mtu wa Medicaid mchana kweupe. Mwezi wa tano kidole tumbo kikamlaza, akapasuliwa usiku, bili ikaja na tarakimu tano. Nikamwambia nipe nakala ya ritani yako, yaani hiyo fomu ya kodi. Visanduku vyote viwili vyeupe pee, na chini sahihi yake. Nikampigia mjazaji. Jibu lake: "Kaka, hayo mambo ya bima ya Obama mimi siyajui, mimi nawatafutia marejesho ya kodi." Na ada yake alishaikata humo humo kwenye marejesho!

Watunga sheria nao siwaachi. Barua ikishatoka, bima ya kununua unapewa siku 35 kuichagua, zikipita unasubiri dirisha la kujiandikisha la Novemba. Medicaid walau unaomba mwaka mzima. Sasa nyie mnajua maisha yetu: ritani umejaza ukiwa kwa binamu Silver Spring, barua inafika umeshahamia Baltimore, na binamu anadhani ni matangazo ya pizza, anatupa.

Kuna wanaokataa tiki wenyewe kwa kuogopa uhamiaji. Hao siwacheki. Mwaka 2025 serikali kuu iliwapa watu wa usalama wa ndani, ambao uhamiaji uko chini yao, taarifa za wenye Medicaid wa majimbo kadhaa. Lakini basi mteja aulizwe, akatae kwa mdomo wake. Si jamaa wa laptop amkatalie kimya kimya.

Na huko mbele kunazidi kubana. Sheria aliyosaini Trump Julai 4, 2025 inawaondoa wakimbizi wengi kwenye Medicaid kuanzia Oktoba 2026, wakiwemo ndugu zetu Wakongo. 2027 watu wazima wengi wa Medicaid watatakiwa kuthibitisha saa 80 za kazi kwa mwezi ili wabaki nayo. Jimbo linafungua mlango, Washington inaweka komeo, halafu katikati kasimama mtu wetu mwenyewe anayeona uvivu kubofya mara mbili.

Mwenye bili kama ya shemeji asikimbilie kulipa kwa kadi. Sheria ya Maryland inazitaka hospitali zitoe matibabu bure kwa wenye kipato kisichozidi mara mbili ya mstari wa umaskini. Omba fomu ya msaada hapo hapo hospitali, na Medicaid uombe sasa, kwa sababu inaweza kurudi nyuma hadi miezi mitatu. Sisi tumeshapeleka zote mbili, tunasubiri.

Fungueni nakala zenu za 502 za mwaka jana, mtazame, mje mseme hapa mmekuta nini. Na nyie wajazaji mliomo humu, najua mnasoma: mteja akikaa mbele yako, swali la bima unauliza au huulizi?