Bia chachu za Ubelgiji: nitajuaje ipi ni chachu na ipi imeharibika?

Kaunta_Kinondoni
Wakuu, naomba msaada. Baa hapa Dar imeanza kuuza bia chachu za Ubelgiji: gueuze za sentilita 37.5 na 75, kriek (bia ya cheri), na Rodenbach Grand Cru. Wateja wanarudisha glasi wakisema "hii imechacha", na nakosa jibu, maana kweli imechacha, ndivyo ilivyopikwa! Nitatofautishaje uchachu wake halali na chupa iliyoharibika? Halafu stoo haina kiyoyozi, mchana inafika nyuzi 31. Baadhi ya chupa zikifunguliwa zinamwaga povu hadi nusu inaishia mezani. Moja imetoka nzito, inavutika kama mlenda. Nitupe?

Mgema_Pangani
Usitupe yoyote bado. Anayejua tembo la mnazi ataelewa gueuze haraka. Mgema hatii hamira kwenye kibuyu. Chachu inaingia yenyewe, asubuhi tembo ni tamu, kesho yake ni kali, ukiliacha zaidi linakuwa siki. Lambic, bia mama ya gueuze, inaanza hivyohivyo. Maeneo ya Brussels na bonde la mto Senne wanachemsha kimea cha shayiri na ngano isiyooteshwa, wanatia hopsi (maua ya kuipa bia uchungu) za zamani zilizopoteza uchungu, kisha wanaacha maji hayo usiku kucha kwenye beseni pana lililo wazi. Chachu na bakteria wa hewani wanaingia. Ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hadi Aprili hivi. Kiangazi hewa ina vijidudu vingi vya kuharibu. Baada ya hapo bia inakaa kwenye mapipa mwaka 1 hadi 3. Gueuze ni mchanganyiko wa lambic changa na ya zamani: changa ina sukari iliyobaki, hiyo inachachuka tena ndani ya chupa na kuleta gesi.

Sasa tumia pua. Harufu ya zizi, ngozi, nyasi kavu au ganda la limau ni sawa, inatokana na chachu iitwayo Brettanomyces. Uchachu unaokaa ulimini kama wa mtindi ni sawa. Kibaya ni siki inayochoma koo, harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au boksi lililolowa. Kizibo kilichoota ukungu nacho huacha harufu ya kabati lenye unyevu. Chupa hiyo mrudishie mwagizaji.

Lakini usiipime Rodenbach kwa kipimo hichohicho. Hiyo inatoka Roeselare, haitegemei chachu ya hewani, na Grand Cru ni theluthi 2 bia iliyokaa miaka 2 kwenye mapipa makubwa ya mwaloni, theluthi 1 changa. Siki kidogo ndiyo sura yake.

Mlenda: ni kazi ya bakteria Pediococcus. Haidhuru mtu. Brettanomyces huula ule utelezi polepole. Tenga chupa za toleo hilo, andika tarehe, fungua moja baada ya miezi 3, nyingine baada ya 6.

StooBaridi
Tatizo lako kubwa ni nyuzi 31. Chachu kwenye gueuze ni hai, joto linaiamsha, gesi inaongezeka, kizibo kinasukumwa. Tafuta friji ya kioo, iweke nyuzi 12 mpaka 15, zima taa yake. Na joto la kupanda mchana na kushuka usiku linaumiza bia kuliko joto la wastani lisilobadilika. Muulize mwagizaji kama kontena lilikuwa la baridi na lilikaa siku ngapi bandarini.

Kwa povu: simamisha chupa ya kuuzwa saa 48 kwenye friji nyingine yenye baridi zaidi ili mashapo yatulie. Fungua ikiwa nyuzi 5 au 6, kwa kitambaa, taratibu. Chupa nyingine zina kifuniko cha bati na chini yake kizibo. Ukitoa bati usidhani umemaliza, kizibuo kiwe mkononi. Inamisha mara moja tu, usiinue chupa kati ya glasi na glasi, mashapo yatapanda. Itapata joto lake ndani ya glasi, nyuzi 10 hivi.

Kaunta_Kinondoni
Asante sana. Je, kriek nazo zihifadhiwe miaka?

Pipa_la_Mwaloni
Soma lebo. Ikiandikwa "Oude" au "à l'ancienne", ni lambic tupu iliyochachuka tena kwenye chupa. Oude Gueuze inakaa miaka 10 na zaidi. Oude Kriek haiharibiki, ila harufu ya cheri inafifia baada ya mwaka mmoja au miwili. Kriek tamu kama ya Lindemans (kilevi asilimia 3.5) uza ikiwa mpya, haipati faida yoyote kukaa.

Mimi nazilaza chupa zenye kizibo zinazokaa zaidi ya miezi 6, kizibo kisikauke. Za kuuzwa wiki hii zisimame.

Kwa wateja, usimwanzishe mgeni na gueuze. Anza na kriek tamu, kisha Rodenbach, mwisho gueuze. Chupa ya sentilita 75 inatoa glasi 5 za mililita 150; ikibaki, funga kwa kizibo cha shampeni, friji, siku 2 basi. Inaenda vizuri sana na mishikaki ya mafuta au kome, ila kachumbari yenye ndimu nyingi iondoe mezani, tindikali juu ya tindikali.

StooBaridi
Nyongeza kwa Kaunta: ukija kuuza ya pipa, weka bomba na mpira wake pekee. Brettanomyces ikishaingia kwenye mpira wa lager (bia ya kawaida) haitoki kwa kuosha tu, itabidi ubadilishe mpira wote na vishikizo vyake.