"Biblia peke yake" imeandikwa wapi? Tujadili mamlaka ya Maandiko

MLETA MADA
Wakuu, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasiokuwa wa huku wala kule, habari zenu.

Mimi ni Mlutheri. Kwetu ubishi wa dini unamalizwa kwa swali moja: "Imeandikwa wapi?" Ukikosa kitabu, sura na mstari, kaa chini. Leo naligeuzia swali hilo kanuni yenyewe. Imeandikwa wapi kwamba Biblia peke yake ndiyo mamlaka ya imani?

Najua nitajibiwa 2 Timotheo 3:16: "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Amina. Lakini kufaa si sawa na kuwa peke yake. Tena mstari wa juu yake unasema Timotheo ameyajua maandiko hayo tangu utoto, na Timotheo akiwa mtoto Agano Jipya lilikuwa bado halijaandikwa. Paulo alikuwa anazungumzia Agano la Kale.

Halafu kuna orodha. Waprotestanti tuna vitabu 66, Wakatoliki 73, Waorthodoksi wa Ethiopia 81. Hakuna kitabu hata kimoja kati ya hivyo chenye orodha ya vingine. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile vya leo, ni ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367. Sisemi kabla ya hapo Wakristo hawakuwa na Maandiko. Injili nne na nyaraka za Paulo zilisomwa makanisani mapema sana. Ila mpaka wa mwisho, hiki ndani na hiki nje, tumeupokea kwa watu.

Msimamo wangu msije mkausaka: naamini Biblia ina mamlaka. Lakini haijisomi. Kila mara yupo mtu anayesimama na kusema maana yake ni hii, na nadhani ugomvi wetu wote ni juu ya mtu huyo. Karibuni.

KATEKISTA MSTAAFU
Mwanangu, umefika mlangoni, ingia tu ndani. Hayo ndiyo tunayofundisha sisi Wakatoliki. Paulo huyo huyo aliwaandikia Wathesalonike (2 Thes 2:15) wayashike mapokeo waliyofundishwa "ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu." Kwa maneno! Mtakatifu Augustino alisema wazi kwamba asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa Katoliki isingemsukuma.

Na msitusingizie kwamba tunamweka Papa juu ya Biblia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, katika hati ya Dei Verbum ya mwaka 1965, namba 10, unasema mamlaka ya kufundisha ya Kanisa haiko juu ya neno la Mungu bali inalitumikia.

Niwaulize Waprotestanti. Mwaka 1529 Luther na Zwingli, viongozi wawili wa mwanzo wa Uprotestanti, walikutana Marburg, Ujerumani. Wote wawili walisema Biblia peke yake. Wote walisoma Kigiriki. Katika hoja 15 walikubaliana 14, wakavunjika kwenye ile ya Meza ya Bwana, juu ya "Huu ndio mwili wangu." Luther aliyaandika maneno hayo kwa chaki mezani, akakataa kusogea. Sasa kama Biblia inatosha kujieleza, kwa nini hao wawili walishindwana kwenye sentensi fupi kiasi hicho?

MWINJILISTI, DODOMA
Shikamoo Katekista. Mimi ni Mwanglikana, naomba nikupinge kwa heshima.

Kwanza orodha. Sonara akipima kito akasema hii ni dhahabu, hajaifanya kuwa dhahabu. Kanisa lilitambua vitabu, halikuvipa pumzi ya Mungu. Na hata huko kutambua hakukunyooka kama mnavyosimulia. Yeronimo, aliyetafsiri Biblia ya Kilatini, aliviweka Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira na Wamakabayo kando: vinafaa kusomwa, havifai kuthibitishia mafundisho. Ni kweli sinodi za Hippo (393) na Kartago (397) zilivikubali. Lakini tamko la mtaguso mkuu lililofunga mjadala kwenu na kumlaani anayekataa ni la Trento, 1546. Hapo Luther alikuwa ameshakufa.

Pili, Luther hakusema kila mtu asome peke yake apate yake. Kule Worms, Ujerumani, mwaka 1521, alipotakiwa ayakane maandishi yake, alisema hatageuka asiposadikishwa kwa Maandiko au kwa hoja iliyo wazi, kwa sababu papa na mitaguso imekosea na kujipinga. Mapokeo hakuyatupa: alibatiza watoto, aliikiri Imani ya Nisea. Alichokataa ni mapokeo kuwa hakimu wa mwisho. Hata Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao, Marko 7:13.

Na kwa kuwa Athanasio ametajwa, mwaka 335 maaskofu walikaa Tiro wakamwondoa madarakani. Alifukuzwa mara tano. Kuna miaka ambayo maaskofu wengi wa mashariki walikuwa upande wa pili. Mkristo wa kawaida wa wakati ule angefuata "mamlaka ya kufundisha" ipi?

KATEKISTA MSTAAFU
Marahaba. Umenipiga pazuri, lakini umejipiga na wewe.

Ugomvi wa Athanasio ulihusu nini? Ario, padri wa Aleksandria, alikuwa anamkana Mwana kuwa Mungu sawa na Baba, na alikuwa na mistari yake: Mithali 8:22, Yohana 14:28. Pale kwenye mtaguso wa Nisea mwaka 325 maaskofu walijaribu kwanza kutumia maneno ya Biblia tupu. Athanasio mwenyewe anaeleza kilichotokea: kila neno la Biblia walilopendekeza, upande wa Ario ulilikubali kisha ukalipa maana yao. Ndipo likaletwa neno la nje, ambalo halimo kwenye Biblia: Mwana ana umungu mmoja na Baba. Wanaompinga Athanasio ndio waliolalamika, wakisema tusitumie neno lisiloandikwa.

Hebu litafakari hilo. Imani ya Utatu unayoikiri Jumapili huko Dodoma ilipata neno lake kwa sababu maneno ya Biblia peke yake yalishindwa kumbana mtu aliyeazimia kuyapinda.

MWINJILISTI, DODOMA
Hapo sibishi. Naongeza tu kwamba Athanasio alilitetea neno hilo kwa kuonyesha kwamba maana yake imo katika Maandiko. Angekuwa na neno lisilo na Maandiko nyuma yake, angekuwa na nini?

MSABATO WA UPARE
Ninyi nyote mnaniacha hoi. Waprotestanti mnaosema Biblia peke yake, nionyesheni andiko lililohamisha siku ya saba kwenda ya kwanza. Mtanipa Matendo 20:7 na 1 Wakorintho 16:2. Yote yanataja siku ya kwanza ya juma; hakuna linalosema Sabato imeondolewa. Kwa hili mimi na Katekista tunakubaliana kwamba aliyehamisha ni Kanisa. Yeye anasema lilikuwa na haki hiyo, mimi nasema halikuwa nayo. Lakini ninyi mko wapi?

MWINJILISTI, DODOMA
Wakolosai 2:16, ndugu: mtu asituhukumu kwa sababu ya sabato. Na Ellen White, nabii wenu mnayemnukuu, yeye si mapokeo?

MSABATO WA UPARE
Maandishi yake yanapimwa kwa Biblia. Ndivyo mafundisho yetu yanavyosema.

KATEKISTA MSTAAFU
Na anayepima ni nani?

MLOKOLE
Mnabishana historia tu. "Andiko huua, bali roho huhuisha", 2 Wakorintho 3:6. Mtume wetu Mungu husema naye moja kwa moja, na yakisemwa yanatimia. Mitaguso ya kazi gani?

MTU WA MALINDI
Wewe Mlokole, mimi naishi karibu na Shakahola. Mwaka 2023 katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwamo. Upande wa mashtaka unasema walihimizwa kufunga hadi wafe ili wamwone Yesu. Kesi ni ya mahakama, siisemei. Nasema hivi: watu wale walikuwa na Biblia. Biblia haikukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "hapana, Baba Mchungaji, mstari huo hausemi hivyo" na akasikilizwa.

MLETA MADA
Asante mtu wa Malindi, umesema nilichokuwa nakizungukia. Katika makanisa mengi yanayochipuka mijini mwetu hakuna Biblia peke yake wala Mapokeo. Ni mchungaji peke yake. Luther asingelitambua jambo hilo, na Papa pia.

Ila makanisa makongwe nayo yasijifiche humo. Mwinjilisti, kwenu Waanglikana: mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wenu wa dunia nzima, wa mwaka 1888 ulikataza mwanamume mwenye wake wengi kubatizwa. Mkutano wa Lambeth wa 1988 ukasema anaweza kubatizwa pamoja na wake zake na watoto wanaoamini, asilazimishwe kuwaacha, mradi aahidi kutooa mwingine wakiwa hai. Biblia ni ile ile. Katikati kuna miaka 100, na Afrika kuna wanawake waliofukuzwa majumbani ili mume apate ubatizo. Mamlaka ilikuwa ya Biblia au ya waliokaa kwenye kiti?

MWINJILISTI, DODOMA
Swali gumu, na nitalijibu nilivyo. Nadhani wa 1888 walikosea. Walichukua maneno ya Paulo kuhusu askofu, "mume wa mke mmoja", wakayafanya sharti la mlango wa ubatizo, na wakamsahau Malaki 2 anayemkemea mtu anayemtendea kwa hiana mke wa ujana wake. Waliosoma vizuri zaidi ndio waliowasahihisha, na walitumia kitabu kile kile. Ningekuwa naamini mkutano hauwezi kukosea, wanawake wale wangekuwa bado nje.

KATEKISTA MSTAAFU
Lakini aliyesahihisha ni mkutano pia, si mtu mmoja na Biblia yake chumbani. Hata Waberoya mnaowasifu, Matendo 17:11, walioyachunguza maandiko kila siku, hawakuwa na nakala nyumbani. Magombo yalikuwa ya mkono, ya bei kubwa, yamewekwa sinagogi. Walichunguza pamoja.

MWINJILISTI, DODOMA
Pamoja, sawa. Lakini waliyekuwa wanamchunguza ni Paulo, mtume, na Luka anawaita waungwana kwa hilo. Katekista, kigangoni kwako, muumini akisimama baada ya misa na kumuuliza paroko "imeandikwa wapi?", anaitwaje?

KATEKISTA MSTAAFU
Anaitwa msumbufu. Na kwako?

MWINJILISTI, DODOMA
Kwetu anaombewa.