Desili glukosidi haishiki uzito kwa chumvi, na shampuu imeharibika wiki ya pili

Sabuni_Moro
Wakuu, habari za humu. Nimezoea sabuni ya maji ya salfoniki na slesi (SLES), vile viini vikali vya kutoa povu. Sasa wateja wanataka shampuu isiyokausha nywele, na wengine ya kuogeshea watoto. Nimechukua desili glukosidi na koko betaini, viini vya povu vilivyo laini zaidi. Kwa lita 5: desili kilo 1, betaini nusu kilo, juisi ya shubiri mbichi nusu lita, sodiamu benzoeti (kihifadhi) gramu 25, na ndimu mbili nilizokamua kupunguza ukali. Karatasi ya pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi) inasoma 7. Chumvi nimetia vijiko 10 vya chakula na bado ni maji matupu. Isitoshe, wiki ya pili imeanza kunuka na juu kuna utando wa kijivu. Je, nimeuziwa feki?

Kemia_Temeke
Si feki, ndugu. Umeitendea kama slesi, na hii ni kitu kingine kabisa.

Molekuli ya slesi ina kichwa chenye chaji hasi. Vichwa hivyo husukumana, chumvi ikiingia hutuliza msukumano, molekuli zinajipanga kama nyuzi ndefu zinazosokotana, na ndipo sabuni inakuwa nzito. Kichwa cha glukosidi ni sukari, glukosi ya wanga iliyounganishwa na alkoholi ya mafuta ya nazi au ya kokwa za mawese. Hakina chaji, kwa hiyo chumvi haina cha kutuliza. Ungemwaga kilo nzima usingeona tofauti ya maana.

Harufu nayo imetokana na pH. Benzoeti haiui vijidudu mpaka igeuke asidi ya benzoiki, na inageuka pale tu pH inaposhuka. Kwenye pH 5 ni kama asilimia 14 yake inayofanya kazi, kwenye 6 haifiki 2, na kwenye 7 ni kama hujaweka kitu. Juu yake ukaongeza shubiri mbichi na ndimu, yaani chakula cha bakteria. Shampuu ya kukaa kwenye chupa miezi haitaki juisi mbichi ya aina yoyote.

Kwa kilo 1 jaribu hivi, yote kwa mzani, si kwa vijiko: maji gramu 600, desili 200, betaini 130, glisarini 30, gundi ya zanthani (ya kuongeza uzito) 10, sodiamu benzoeti 5, potasiamu sobati (kihifadhi cha pili) 2, pafyumu 3. Gramu 20 zilizobaki ni za asidi ya sitriki na maji ya kukamilishia. Desili huuzwa ikiwa na kiini cha karibu asilimia 50 na betaini karibu 30, kwa hiyo hapo una safaktanti halisi (kiini chenyewe cha kusafisha) karibu asilimia 14. Hiyo ni ya nywele za mtu mzima. Ya watoto shusha desili iwe 120 na betaini 80, fidia kwa maji. Utabaki na asilimia 8 na kitu.

Zanthani usiitupe kwenye maji ikiwa kavu, itafanya madonge yasiyovunjika. Ikoroge kwanza ndani ya glisarini hadi iwe uji laini, kisha mimina kwenye maji huku unakoroga, iache nusu saa ivimbe. Yeyusha humo benzoeti na sobati. Pafyumu ichanganye pembeni na desili, kwa sababu peke yake itaelea juu. Ingiza desili, halafu betaini, kwa mwiko na polepole. Mashine ya kasi itakupa ndoo ya povu litakalochukua siku nzima kutulia.

Mwisho ni asidi. Yeyusha sitriki gramu 50 katika maji gramu 50, tia matone machache, koroga, pima, rudia hadi 4.8 au 5.0. Desili yenyewe pH yake iko juu sana, 11.5 hadi 12.5, hivyo vaa glavu unapoishika ikiwa safi. Usimwage asidi kwa mkupuo: benzoeti itaganda papo hapo kuwa chembe nyeupe kama chenga za nazi, zitatulia chini, na kuziyeyusha tena ni kazi.

Bi_Rehani
Naongezea kwa aliyesema ya watoto. Mimi nasisitiza kipima pH cha betri, si karatasi. Kati ya 5 na 6 karatasi nyingi rangi zinafanana. Formalini (kihifadhi) wala CDE (kiongeza povu na uzito) msihamishie huku kutoka kwenye sabuni ya vyombo. Formalini IARC, wakala wa utafiti wa saratani wa WHO, wameiweka kundi la 1 la visababishi vya saratani, na CDE iko 2B, yaani huenda inasababisha.

Na upole una mipaka. Mwaka 2017 chama cha Marekani cha madaktari wa mzio wa ngozi kiliziteua glukosidi kuwa kizio cha mwaka. Wanaodhurika ni wachache, lakini wapo. Andikeni viungo vyote kwenye lebo ili mwenye mzio ajue cha kukwepa.

Sabuni_Moro
Asanteni sana. Nimejaribu gramu 500, pH 4.9, imeshika vizuri. Ila inavutika kama mlenda, ukiinua kidole uzi unafuata.

Kemia_Temeke
Ndiyo tabia ya zanthani. Shusha hadi gramu 6 au 7 kwa kilo, na robo ya desili badilisha kwa laurili glukosidi. Mnyororo wake wa mafuta ni mrefu zaidi, hivyo inaongeza uzito bila kuvutika, ingawa povu litapungua kidogo. Mahali pa baridi kama Njombe laurili huganda kwenye dumu. Liweke dumu ndani ya maji ya moto hadi ifike nyuzi 40 hivi, koroga yote ndipo upime, maana juu na chini huwa hazilingani. Na kondishena za aina ya polikwati (zenye chaji chanya) usizichanganye na zanthani kabla ya kujaribu kwenye kikombe, nyingi hukatika kama maziwa yaliyochacha.

Sabuni_Moro
Na zile lita 5 nikishusha pH sasa hivi zitapona?

Bi_Rehani
Hapana, dada, mwaga. Kihifadhi huzuia vijidudu visianze, hakisafishi vilivyokwisha kujaa. Ndoo, mwiko na faneli vioshe, viloweke kwenye maji ya klorini, suuza, vikauke kabisa kabla ya kuanza nyingine. Chupa zilizokwisha kufika kwa wateja zirudishe kwako, hasa za watoto.