Shubiri za kwenye nyasi Mporoto: majani membamba yananichanganya

NyasiFupi
Wakuu, naandaa orodha ya mimea ya uwanda wa nyasi Mporoto, Mbeya. Kuna shubiri tatu, zote hazina shina. Ya kwanza ina majani kama nyasi, ya pili inafanana nayo ila ni kubwa zaidi, ya tatu ina majani mapana yenye madoadoa. Ya madoa nimeiandika Aloe lateritia. Hizo mbili nimezigawa kwa upana wa jani na rangi ya ua, lakini kuna mimea inayoangukia katikati. Ni aina moja inayobadilika, au napima vibaya?

Mbotania_Iringa
Unapima kitu kisichoaminika. Hizo mbili huenda ni aina mbili: Aloe myriacantha, ile ndogo, na Aloe nuttii, ile kubwa. Jani la mche wa Aloe nuttii ni jembamba kama la Aloe myriacantha iliyokomaa, na mmea unaochipua baada ya moto huwa na majani mafupi. Rangi nayo hubadilika kwa jua, na kamera ya simu huiharibu zaidi.

Nenda kwenye ua, likiwa bichi. Maua ya shubiri hufunguka kuanzia chini ya shada kwenda juu, kwa hiyo chukua lililofunguka sasa hivi, si tumba ambalo halijafunguka wala lililoanza kunyauka. Pima kuanzia pale ua linapokutana na kikonyo hadi ncha. Kikonyo kipime peke yake. Fanya hivyo kwa maua matano ya mimea tofauti. Ukipata karibu sentimita 2, ni myriacantha. Ukipata karibu sentimita 4, ni nuttii. Pengo hilo ni kubwa, ndiyo maana nalipenda kuliko kipimo chochote cha jani.

Kisha litazame ua kwa ubavu. La myriacantha lina mdomo wa juu na wa chini, na shada lake ni fupi, limejikusanya kileleni mwa bua (mhimili unaobeba maua). La nuttii ni bomba lililonyooka, rangi ya matumbawe yenye ncha za kijani, na shada ni refu. Tazama pia matumba ya nuttii: yamefunikwa na brakti (vijani vidogo vinavyokaa chini ya kila ua) pana zilizopandana kama vigae. Bua la zote mbili halina matawi.

NyasiFupi
Asante sana mkuu. Na isiyo na ua?

Shamba la Juu
Kwanza hakikisha ni shubiri kweli. Kniphofia, mmea mwingine wenye majani yanayofanana na ya shubiri, huota kwenye nyanda hizo hizo, hasa penye unyevu, na bila ua huwadanganya wengi. Kata jani: shubiri ina ute ndani, Kniphofia ina nyuzi na mgongo uliokunjika kama V. Pitisha kidole ukingoni kutoka nchani kwenda chini. Nuttii ina vijimiba vidogo laini vyeupe, hasa nusu ya chini. Ukishajua ni shubiri ila haina ua, iandike "Aloe, haijatambuliwa" urudi msimu wa maua. Orodha yenye nafasi wazi ni bora kuliko yenye jina la kubahatisha.

Na hiyo ya madoa usiifunge mapema. Kundi la shubiri za madoadoa ndilo gumu kuliko yote, na kusini huku kuna pia Aloe duckeri. Lateritia ya kawaida ina bua lenye matawi na shada fupi lililo bapa juu, kwa sababu vikonyo vya chini ni virefu kuliko vya juu. Ua limevimba chini kisha linabanwa juu ya ovari (sehemu ya ua inayotengeneza mbegu). Andika madoa yapo upande gani wa jani, matawi mangapi, umbo la shada.

Mbotania_Iringa
Naongezea kuhusu sampuli. Usichimbue mmea mzima: bua moja na jani moja vinatosha. Lipasue jani kwa urefu, kwangua ute, ndipo ulibane kwenye magazeti na kuyabadilisha kila siku. Ukiliacha zima litaoza au litaendelea kuishi humo ndani. Vipimo na rangi viandike kabla ya kukausha, maana ua hunywea. Ndani ya Hifadhi ya Taifa Kitulo usikate chochote bila kibali. Tena shubiri zote isipokuwa Aloe vera zimo kwenye viambatisho vya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini), nyingi kwenye cha 2 na chache kwenye cha 1, hivyo kupeleka sampuli nje ya nchi kunahitaji hati yake. Hapa nchini, mkusanyiko wa taifa wa mimea iliyokaushwa uko Arusha. Kalinganishe huko zile zitakazobaki na utata.