Naombeni ushauri: bondia mwepesi mwenye ufundi anaweza kumpiga mbabe wa uzito wa juu?

Mguu Mwepesi:
Wakuu, habari za muda huu. Nina jambo linaninyima usingizi. Bondia mwepesi, mwenye jabu (ngumi ya moja kwa moja ya mkono wa mbele) ya uhakika, anayejua kukwepa na kuzunguka, anaweza kumshinda jitu la uzito wa juu linalotegemea nguvu tu? Naomba majibu ya wanaoujua mchezo, ushabiki tuweke pembeni. Kuna uamuzi natakiwa kuutoa kabla wiki haijaisha.

Damu ya Usyk:
Mbona swali lilishajibiwa ulingoni? Mei 2024 Riyadh, bondia Oleksandr Usyk alipanda na kilo 101 hivi, mpinzani wake Tyson Fury 118 na ushee. Nani alitoka na mikanda? Desemba Fury akarudi na kilo zaidi ya 127, akachapwa tena kwa pointi. Bondia David Haye naye mwaka 2009 alimzungusha Nikolai Valuev, mtu wa zaidi ya mita mbili na kilo 143, mpaka majaji wakampa ushindi. Ukubwa bila akili ni mzigo tu. Uzi ufungwe.

Jino Moja:
Mimi niliwahi kuzichapa na shemeji yangu, mtu wa mwili wa kabati. Nikacheza miguu, nikampa mbili za uso, nikainama, nikaibuka. Nilikuwa naongoza kwa pointi zote. Akanikumbatia, akanilalia. Hakuna jaji aliyeniuliza nilikuwa naongoza kwa ngapi.

Kocha Mstaafu:
Damu ya Usyk, hao unaowataja si watu wadogo. Usyk ana urefu wa sentimita 191, na kabla ya kwenda uzito wa juu alikuwa bingwa asiyepingwa wa uzito wa kruza, ule ulio chini kidogo ya uzito wa juu. Anaonekana mdogo kwa sababu amesimama karibu na Fury.

Ukitaka mdogo kweli, mchukue Billy Conn, Juni 1941. Alitoka uzito wa chini ya hapo, kilo 79 kwenye karatasi, akamvaa Joe Louis wa kilo 90. Baada ya raundi 12 kadi mbili za alama zilikuwa na Conn mbele, ya tatu sare. Angekimbia raundi tatu zilizobaki huenda angekuwa bingwa wa dunia. Akaingia raundi ya 13 kutafuta KO, yaani kumlaza mwenzake asiinuke, akalazwa yeye, sekunde chache kabla ya kengele. Na hapo tofauti ilikuwa kilo 11 tu.

Mtoa mada, unauliza kama shabiki au kama bondia? Una kilo ngapi?

Mguu Mwepesi:
Asante Kocha. Tuseme kama bondia. Uzito umepishana kidogo, lakini hilo silioni kama tatizo, maana jamaa ni mzito wa miguu na raundi ya tatu huwa anahema. Ninachotaka ni mbinu. Nimzungushe kwenda mkono wake dhaifu au nimkaribie nimpige mwilini?

Mama Wawili:
"Tuseme" ya nini tena? Umeulizwa kilo, jibu kilo.

Mguu Mwepesi:
71. Yeye 104.

Jino Moja:
😂😂😂 "umepishana kidogo". Mkuu, hapo umepishana na mtoto wa darasa la nne mzima.

Neno Hai:
Ndugu yangu, mwili ni hekalu. Hukupewa kichwa ili kipigwe watu washangilie. Mimi nilipokuwa kijana nilipenda sana haya mambo ya ubabe, nikaja kuyaacha nikapata amani, ndoa na kazi. Achana na masumbwi, tafuta shughuli halali.

Damu ya Usyk:
Masumbwi si haramu Mchungaji, tusitoke kwenye mada. Mtoa mada usitishwe. Roy Jones Jr. alianza kuchukua ubingwa akiwa uzito wa kati, na mwaka 2003 akamfundisha John Ruiz ngumi akiwa amepungukiwa kilo kama 15. Dempsey naye alimwangusha Willard mara saba ndani ya raundi ya kwanza, mwaka 1919, akiwa mwepesi kwa kilo zaidi ya 25. SABA.

Kocha Mstaafu:
Jones alijijenga mwili kwa ajili ya pambano lile, na Ruiz hakuwa mtu wa kumaliza watu kwa ngumi moja. Dempsey alikuwa na mikono mizito kuliko aliyemshinda, kwa hiyo huyo si mfano wa ufundi dhidi ya nguvu. Wewe unahesabu walioshinda tu.

Michael Spinks alimpokonya Larry Holmes mkanda mwaka 1985 akitokea uzito wa chini, dunia ikashangaa. Miaka mitatu baadaye alikutana na Tyson, mtu mfupi kuliko yeye lakini mwenye mkono mzito. Sekunde 91, kwisha. Na Tommy Loughran? Fundi haswa, bingwa wa zamani wa uzito wa chini. 1934 akakutana na Carnera, jitu lililomzidi karibu kilo 40. Carnera hakuwa fundi, lakini alimkumbatia na kumwegemea, na Loughran akapoteza kwa pointi.

Hapo ndipo watu hawapaelewi. Mnadhani hatari ni ile ngumi moja tu. Mwenye kilo 104 akikulalia kwenye kamba kila raundi, miguu unayoitegemea inaisha. Miguu ikiisha, ufundi unabaki kichwani tu, nacho ndicho kinachopigwa. Yeye akikosea mara 20 bado yupo. Wewe unakosea mara moja.

Mguu Mwepesi:
Nimekuelewa Kocha, ila humjui huyu jamaa. Ni raundi sita tu. Halafu mabango yameshatoka na jina langu lipo. Sijasaini mkataba, nimesaini ile karatasi ya kuthibitisha tu. Nikijitoa nitaonekana mwoga, na aliyeandaa hatanipa pambano lingine.

Mama Wawili:
Kwa hiyo uamuzi ulishautoa, hapa unatafuta wa kukupigia makofi. Mimi ngumi sizijui, ila nimesoma mstari wako wa kwanza. Umesema hulali. Hulali kwa woga au kwa maumivu?

Mguu Mwepesi:
Vyote kidogo. Tulifanya naye sparingi (pambano la mazoezi) juzijuzi, akanipata na ya kulia. Sikuzimia, niliona giza tu, nikakaa chini. Tangu hapo kichwa kinagonga asubuhi na mwanga wa simu unanikera. Lakini nilikuwa nimevaa kofia ya kujikinga, kwa hiyo haiwezi kuwa jambo kubwa. Kuanzia hapo nimemsoma, ile ngumi hanipati nayo tena.

Kocha Mstaafu:
Hili ndilo lilitakiwa kuwa swali lako. Kofia inazuia kuchanika, haizuii ubongo kutikisika ndani ya fuvu. Wanaume wa ridhaa waliondolewa kofia hizo kwenye mashindano makubwa tangu 2013, na Olimpiki ya Rio 2016 walipigana bila kofia. Kichwa kinauma, mwanga unakera, bado unataka kupanda? Ubongo ambao haujapona ukitikiswa tena unaweza kuvimba ghafla. Hutokea mara chache, ila ikitokea watu hufa. Daktari kwanza, na sparingi acha leo.

Mpima Mizani:
Wakuu, mnapigwa kamba, na hizi wala si za ulingo. Ni nani atakayeidhinisha pambano la kilo 71 na 104? Akaunti imefunguliwa mwezi huu. Anasema mwanga wa simu unamkera ila anajibu kila baada ya dakika tano. Mtoa mada, mtavaa glovu za aunsi ngapi?

Mguu Mwepesi:
Nane, nadhani.

Mpima Mizani:
Nilijua. Ngumi za kulipwa, ukivuka kilo 66.7 kawaida ni aunsi 10. Bondia gani hajui glovu zake? Chai hii.

Damu ya Usyk:
Daah, na mimi nilishaanza kumwandikia mbinu, aya tatu.

Jino Moja:
Kama ni chai basi anapika vizuri. Lile la "tuseme" lilinipata kabisa.

Mguu Mwepesi:
Sijatunga kitu. Halisimamiwi na chama chochote, ni pambano la maonyesho, glovu analeta mwandaaji. Ndiyo maana sijui aunsi. Mwangaza wa simu nimeushusha mpaka mwisho.

Mpima Mizani:
Kila ukibanwa unapata jibu jipya.

Kocha Mstaafu:
Hilo jibu ndilo linalonifanya nimwamini. Mapambano ya namna hiyo yapo, na huko ndiko watu wa kilo 71 wanakopewa watu wa kilo 104.

Damu ya Usyk:
Tukiachana na hilo, Kocha, Holyfield utamweka wapi? Naye alitoka kruza, na alimshinda Tyson.

Mguu Mwepesi:
Samahani wakuu, kabla hamjafika kwa Holyfield. Wameahidi daktari atakuwepo siku ya pambano. Huyo daktari huwa anauliza mwenyewe kuhusu kichwa, au mpaka bondia aanze kumwambia?

Mama Wawili:
Unaona sasa.

Kocha Mstaafu:
Anatakiwa kuuliza, na wewe unapanga cha kumjibu. Nitumie ujumbe wa faragha: pambano ni lini, na aliyeandaa ni nani.