Mashine ya santuri ya zamani kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni: nichunguze nini kabla ya kulipa?

Mwuliza, Tanga

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote.

Marehemu mama yetu ametuachia kasha la santuri hamsini na kitu. Nyingi ni za taarabu na dansi za miaka ya 1960 na 1970, zile ndogo za kasi ya mizunguko 45 kwa dakika, na kuna saba nzito za kasi ya 78 ambazo alizirithi kwa bibi yetu. Mashine aliyokuwa akizipigia ilikufa zamani, na mafundi wawili wa hapa walishindwa kuifufua kwa kukosa vipuri. Ndugu zangu wamenikabidhi jukumu la kutafuta nyingine, ili tuzisikie tena na kuzirekodi kabla hazijaharibika kabisa.

Nimeona matangazo mawili mtandaoni. La kwanza ni la muuzaji wa Osaka, Japani, anayeuza mashine ya Technics ya mwishoni mwa miaka ya 1970 pamoja na amplifaya yenye redio ndani yake, na maelezo yake yote ni kwamba vyote viwili vinawaka. La pili ni la Marekani, mashine inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, bei yake ni nusu ya ile ya kwanza, lakini muuzaji ameandika kwamba haijajaribiwa kwa sababu hana santuri. Wote wawili wamesifiwa na wanunuzi waliotangulia. Hofu yangu kubwa ni kutapeliwa, kwa kuwa fedha zenyewe tumechanga. Naomba mwenye uzoefu anieleze nijihadhari na nini.

Fundi wa redio, Mombasa

Wa alaykum salaam, dada. Poleni kwa msiba, na hongera kwa kutaka kuzihifadhi santuri hizo.

Nimetengeneza redio na mashine za santuri kwa zaidi ya miaka thelathini, na ningependa kuisogeza hofu yako kidogo. Matapeli wapo, na mwenzangu mwingine bila shaka atawazungumzia. Lakini vifaa vingi vinavyofika mezani kwangu vikiwa vimeungua siku ileile ya kufunguliwa kwenye boksi havikutoka kwa matapeli. Vilitoka kwa wauzaji waaminifu walioeleza kwa ukweli walichokiona nyumbani kwao, ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kuufikiria umeme wa Tanga.

Japani hutumia volti 100, Marekani volti 120, kwenu ni volti 230 na kwetu Kenya ni 240. Ukiichomeka mashine ya Osaka ukutani moja kwa moja, transfoma yake itapokea zaidi ya mara mbili ya kipimo ilichotengenezewa, na moshi utatoka kabla hujaiweka santuri. Watu wengi wanalijua hilo, kwa hiyo hununua transfoma ya kushushia umeme, ila hawaulizi inashusha hadi ngapi. Zinazouzwa madukani kwa kawaida hushusha hadi volti 110, na kwa kifaa cha volti 100 hiyo ni ziada ya asilimia 10 kila saa kinapowaka. Umeme ukipanda usiku wa manane, na ziada nayo inapanda. Kwa kifaa cha Japani ni lazima utafute transfoma ya volti 100 kamili, yenye uwezo mkubwa kuliko wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya.

Lipo jambo la pili ambalo transfoma haiwezi kulirekebisha. Umeme wetu hurudia mzunguko wake mara 50 kwa sekunde, wa Marekani mara 60. Mota nyingi za mashine za mkanda za zamani hufuata marudio hayo, kwa hiyo mashine ya Marekani ikiletwa hapa hupoteza sehemu moja ya sita ya kasi yake, na santuri ya 45 itazunguka mara 37 na nusu tu kwa dakika. Sauti ya mwimbaji wa kike itashuka hadi umdhanie mwanamume, na wimbo wote utaburura. Viwanda vingi vilitengeneza puli (kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda) mbili tofauti, ya 50 na ya 60, na kuipata ile ya 50 kwa mashine ya miaka 45 iliyopita ni kazi ya miezi. Japani yenyewe imegawanyika tangu karne ya 19, Tokyo ikanunua mitambo ya Ujerumani ya marudio 50 na Osaka ikanunua ya Marekani ya marudio 60, na mgawanyiko huo upo hadi leo. Mji ulioandikwa kwenye tangazo kwa hiyo una maana. Technics zinazozungushwa na mota moja kwa moja na kudhibitiwa na kioo cha kwatzi hazina tatizo hili, kwa sababu hazifuati marudio ya ukutani.

Sasa kuhusu neno "inawaka". Neno hilo linakuhakikishia kwamba taa ya mbele imewaka, basi. Ndani ya amplifaya ya umri huo mna kapasita, yaani vipuri vidogo vya kuhifadhi umeme, zenye majimaji, na majimaji hayo hukauka kadiri miaka inavyopita. Kifaa kikikaa stoo miaka ishirini bila kuwashwa, utando unaokinga ndani ya kapasita hudhoofika, na kikipewa umeme wote kwa ghafla, kapasita hupata joto, huvimba, na wakati mwingine hupasuka na kuondoka na transista za kutolea sauti. Transista hizo za zamani ndizo zinazoigwa sana sokoni, yaani unanunua yenye maandishi sahihi na ndani mna kipande kidogo kisichoweza kubeba nusu ya mzigo. Muuzaji akikwambia kwamba kifaa kimefanyiwa ukarabati, mwombe picha za ndani, za kabla na za baada, na majina ya vipuri vilivyobadilishwa. Aliyefanya kazi hiyo kwa mkono wake huwa nazo.

Ukishanunua chochote, usikichomeke wewe. Mpelekee fundi akiwashe kwa mara ya kwanza kupitia balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyoungwa kwa mfululizo, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye kifaa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna hitilafu, na balbu imeula umeme ambao ungekiunguza kifaa.

Msomaji, Nairobi

Kabla ya kuagiza mbali, dada atafute kwanza hapa Afrika Mashariki. Mashine zilizouzwa katika nchi zetu miaka ile zilitengenezwa kwa umeme wetu, na nyingi bado ziko majumbani chini ya vitambaa. Utaiona kwa macho na kuisikia kabla ya kutoa hata senti moja.

Mkusanya santuri, Dar es Salaam

Ninaafikiana na ndugu wa Nairobi, ingawa nimetafuta kwa njia hiyo miaka mitano na nilichopata zaidi ni mashine zilizong'olewa sindano na mota. Nimenunua nne kutoka nje, na moja kati ya hizo ilinifundisha kwa maumivu.

Mashine hiyo ilitoka Marekani. Muuzaji hakuwa akituma mizigo Afrika, nami nikaipitisha kwa wakala wa usafirishaji aliyekuwa na ghala kulekule. Muuzaji aliifunga vizuri kwa nje lakini aliliacha sinia, lile duara ambalo santuri hulalia, mahali pake. Sinia la mashine nzuri lina uzito wa karibu kilo mbili, na likiachwa huru ndani ya boksi linalorushwa kutoka gari hadi gari, linaugonga mkono wa sindano hadi unapinda. Ndivyo nilivyoikuta. Nilipolalamika kwenye jukwaa nililonunulia, nilijibiwa kwamba kinga ya mnunuzi iliishia pale mzigo ulipopokewa ghalani, na kwamba yaliyotokea baadaye hayawahusu. Masharti yalikuwa yameandikwa hivyo, nami sikuyasoma. Kwa hiyo, dada, soma kwanza kinga hiyo inaishia wapi, na ukiona muuzaji anakushawishi ulipe nje ya jukwaa ili akupunguzie bei, achana naye hata kama sifa zake ni nzuri kiasi gani, kwa sababu ukilipa huko hutakuwa na pa kulalamikia.

Mwombe pia picha mpya, yenye kikaratasi kilichoandikwa tarehe ya leo na jina lako kando ya mashine, na nyingine ya kibandiko cha nyuma chenye namba na volti. Picha zilizoibwa kutoka tangazo la mtu mwingine haziwezi kuwa na kikaratasi hicho. Wauzaji wa Japani, kwa upande wao, huwa na neno "janku" ambalo wengi hulipita bila kulijali. Wakiliandika, wanamaanisha kwamba kifaa hakina dhamana yoyote na hakirudishwi, iwe kimekufa kabisa au hakijajaribiwa tu.

Fundi hakuigusa redio, nami nitaigusa kwa ufupi. FM ya Japani kwa miongo mingi iliishia 90, ikianzia 76, na vituo vyetu viko kati ya 87.5 na 108. Ni tatizo lilelile la redio za magari yanayotoka Japani, ambalo kila mwenye gari hapa analifahamu. Usilipie redio ambayo hutaisikia.

Lakini kilichonifanya niandike hasa ni zile santuri saba za bibi. Santuri za 78, za aina aliyorekodiwa Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928, zina mfereji mpana karibu mara tatu ya ule wa santuri za plastiki zilizoanza kutoka mwaka 1948. Ukiiweka sindano ya kawaida humo, inatambaa chini kabisa ya mfereji, inakusanya kelele na vumbi, na unaweza kuamini kwamba santuri imekwisha ilhali nzima. Unahitaji sindano ya pili iliyotengenezwa kwa 78, na mashine yenye kasi hiyo. Technics nyingi za wakati ule, SL-1200MK2 ya mwaka 1979 ikiwa mojawapo, zina kasi mbili tu, 33 na 45. Kwa maneno mengine, mashine ya Osaka, hata ikifika salama na kufanya kazi vizuri, huenda ingeziacha kimya santuri za bibi yenu.

Na unaponunua sindano, fahamu kwamba kampuni ya Shure iliacha kutengeneza vichwa vya santuri, yaani vile vinavyoshika sindano, mwaka 2018. Anayekuuzia leo sindano "mpya halisi" ya Shure ana akiba ya zamani au ana ya kuiga, na za kuiga ni nyingi.

Mwuliza, Tanga

Nawashukuru sana. Kumbe nilikuwa ninaiogopa hatari ndogo na kuziacha kubwa. Nimeyaacha matangazo yote mawili.

Jana nimeona la tatu, kutoka Uingereza, karibu na Birmingham. Ni mashine ya Kijerumani, Dual 1219, na muuzaji anasema ina kasi ya 33, 45 na 78. Binamu yetu anaishi Birmingham, na yuko tayari kwenda kuiona, ila haelewi chochote cha umeme. Je, kuna anayoweza kuyakagua mtu wa kawaida? Na je, kodi ya forodha huhesabiwa kwa bei ya mashine peke yake?

Mkusanya santuri, Dar es Salaam

Hapana, huhesabiwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, halafu VAT huongezwa juu ya jumla hiyo na ushuru. Hifadhi risiti ya malipo, kwa sababu mzigo usio na risiti hukadiriwa na maofisa wenyewe.

Fundi wa redio, Mombasa

Umechagua vizuri, dada. Umeme wa Uingereza ni sawa na wetu kwa volti na kwa marudio, hata plagi ni ileile ya pini tatu za bapa, na 1219 kweli ina kasi zote tatu.

Mweleze binamu asikubali kuonyeshwa mashine ikiwa imeshawashwa. Aikute imezimwa na baridi, ainuse kwanza, kwa sababu harufu ya kuungua hukaa miaka. Auguse mkono wa sindano kwa kidole kimoja, usogee wenyewe kama unaelea, bila kukwama popote. Kisha abandike kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, aiwashe kwa kasi ya 45, na ahesabu mizunguko kwa saa ya simu kwa dakika nzima. Kwa 78 ahesabu nusu dakika tu, anatakiwa kupata 39. Nguvu ya mota hupitishiwa sinia kwa gurudumu dogo la mpira, na mpira huo ukigumu au ukibonyea, atasikia mngurumo unaojirudia.

Akimaliza, aizime na atazame kama sinia linasimama. Katika Dual za umri huo, kapasita ndogo iliyo kwenye swichi huharibika na kuiacha mota ikizunguka hata baada ya kuzimwa. Hilo halitoshi kuikataa mashine, kwani mimi hubadilisha kapasita hiyo kwa kila Dual inayopita mikononi mwangu, lakini ni sababu ya kuomba bei ishuke. Vivyo hivyo kwa mkono unaosita kunyanyuka wenyewe, maana grisi ya zamani huganda kama gundi na husafishika. Mkono uliopinda ndio aukatae palepale.

Akiinunua, alitoe sinia kwa kufungua klipu ya katikati na kulifunga peke yake, auondoe uzito wa nyuma ya mkono, aufunge mkono kwa kamba laini, na akaze skrubu za usafiri zinazoushika mtambo juu ya springi zake. Ikifika Tanga, fundi wako aifungue, na santuri ya kwanza kuwekwa isiwe ya bibi. Mpe ile iliyo na mikwaruzo mingi kuliko zote, mwisikilize hadi mwisho, ndipo mfungue kasha.